Marehemu Sidhom Bakhoum, Aliyeng'arisha Taa ya Vita

Baba Padri, mashemasi, jamaa zetu, majirani wa Araishiya, nanyi mlioondoka Zagazig alfajiri ili mtuwahi, mimi ni Febronia, binti mkubwa wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi ya wasichana, na nasoma mimi badala ya mdogo wangu Nazmi kwa sababu Nazmi amejaribu mara mbili nyumbani, na mara zote mbili alikwama kwenye mwaka wa kuzaliwa. Mnajua ulimi wangu ulivyo, mama ameniomba leo niufunge, nami nimemwambia nitajaribu, sikumwahidi. Kabla ya yote ni vyema mjue jambo moja, ili mengine myasikilize mkiwa nalo kichwani: tangu mwaka 1941 hadi juzi, baba yangu alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, apatane na mdogo wake Abadir, mwalimu wa nyimbo wa kanisa hili, ambaye mmemsikia sasa hivi akiongoza sala za maziko, naye ameketi hapo mbele.

Marehemu Sidhom, mwana wa Bakhoum mwana wa Wissa, alizaliwa Akhmim, huko Misri ya Juu, tarehe 3 Machi 1912, mtoto wa kwanza wa fundi wa kupaka bati sufuria za shaba, na mdogo wake Abadir alizaliwa hapo hapo mwaka 1918, wakabaki wawili hao tu kwa sababu wengine waliozaliwa katikati hawakuishi. Mwaka 1920 babu aliihamishia familia yake hapa Ismailia, kwa kuwa alisikia kwamba mji huu wa mfereji mkubwa wa meli una wapishi wengi, na penye wapishi wengi pana sufuria chafu, akafungua duka kwenye mtaa wetu huu wa Araishiya. Baba alisoma shule ya kanisa hadi darasa la nne, mwaka 1924, akaiacha bila kinyongo, akisema alichotaka ni kusoma Zaburi na vibao vya maduka, na vyote viwili ameshaviweza.

Kazi aliianza siku iliyofuata. Wazee mliopo mnaikumbuka, vijana mmekulia kwenye sufuria za alumini hamuijui: fundi huingia peku ndani ya sufuria, akakanyaga mchanga na tambara, akashika ukuta, akakizungusha kiuno huku na huku mpaka shaba iwe safi, kisha sufuria hupashwa moto, bati likayeyushwa humo na kusambazwa kwa pamba, na moshi wa nushadiri, ile chumvi kali ya kulishikisha bati, ukamwingia fundi kifuani. Wanawake wa mtaa walikuwa wakipita wanamtania, "Fundi Sidhom, harusi ya nani leo, mbona unacheza peke yako?" naye akijibu, "Ya binti yako, njoo ushike ngoma." Baba na Abadir walikuwa na desturi ya dukani waliyorithi kwa babu, kwamba Abadir ndiye anayemalizia, na kumalizia ni kuweka uso karibu kabisa na bati mpaka uzione kope zako moja moja, ukiziona unagonga chombo mara mbili kwa kifundo cha kidole, na baba aliye mlangoni akisikia mlio huo anamwita mwenye sufuria, hamuulizi Abadir lolote, hageuki hata kutazama, kwa sababu Abadir hakuwahi kugonga kabla ya wakati.

Tarehe 26 Januari 1936, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na mama yetu, Galila, ambaye yuko hapa, na Mungu aliwajalia mimi mwaka 1937, Nazmi mwaka 1940, na Samweli mwaka 1944, aliyekaa nasi miezi minane tu. Waliishi ghorofa ya juu ya nyumba ya babu, na Abadir akiwa bado kijana ghorofa ya chini, akila chakula cha mama, akikilalamikia, na akiomba tena.

Sasa nafika mahali ambapo mama alitaka nipite haraka, lakini siwezi. Mwaka 1941 ndege za Wajerumani zilikuwa zinakuja usiku kutega mabomu ndani ya mfereji, Waingereza wakawa wanatafuta namna ya kuwazuia marubani wasiuone, na katika kambi moja kusini ya mji afisa mmoja aliyevaa miwani, ambaye jina lake baba hakuwahi kuliweza, alikuwa anajaribu taa. Haikuwa taa ya kumulika ndege, za namna hiyo walikuwa nazo tele, hii ilizungukwa na mabamba ishirini na manne ya bati, yakizungushwa na mota, ili mwanga ukatwekatwe na kurushwa angani ukizunguka, rubani anayeutazama apate kizunguzungu, asijue juu wala chini, apotee njia au aanguke. Mabamba hayo yalitakiwa yang'ae kuliko kioo, askari waliyasugua yakawa na mikwaruzo, ndipo mpishi wa kambi, mteja wetu, akamwambia yule afisa kwamba mjini kuna ndugu wawili wanaoweza kukuonyesha uso wako ndani ya sufuria ya maharage.

Walianza kazi mwezi Septemba, na mama anasema hajapata kuwaona na furaha kama ile, Abadir akirudi jioni na kumwambia, "Shemeji, sisi sasa ni silaha, utupe nyama." Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amemchumbia Insaf, harusi ilipangwa baada ya mfungo wa Noeli, na kila alichokifanya alikifanya akiimba.

Tarehe 18 Oktoba 1941, jua linazama, taa ilijaribiwa kwa mara ya kwanza, ndege yao wenyewe ikiwa tayari angani na rubani wao akijua kinachomngoja, maafisa wamekaa kwenye viti, na baba amesimama kando yao kama anavyosimama mlangoni mwa duka. Upepo ulikuwa umepandisha vumbi alasiri, mabamba mawili yakaingia ukungu, Abadir akapanda ngazi kuyafuta. La kwanza alilisugua, akaweka uso, akaziona kope zake, na kwa mazoea ya miaka kumi mkono wake ukagonga mara mbili, kisha akahamia bamba la pili, akaweka uso. Wakati huo huo mkalimani alimuuliza baba kama mafundi wamemaliza, na baba, ambaye alikuwa amesikia bamba likigongwa mara mbili, hakugeuka, alisema, "Tayari."

Taa ikawashwa. Mimi sina la kuongeza hapo, ila kwamba ilifanya kazi vizuri, ndege iliyumba, ikashuka vibaya, ikaokoka kwa shida, maafisa wakapiga makofi, na makofi ndiyo yaliyowachelewesha kusikia sauti iliyotoka kwenye ngazi. Baadaye vita vilihamia magharibi, afisa mwenye miwani akapelekwa kwingine, taa ikafunguliwa vipande vipande, na kwa kadiri baba alivyojua haikuwahi kuwashwa dhidi ya adui hata siku moja. Mtu pekee iliyemshinda ni baba mdogo wangu.

Siku ya tatu hospitalini, macho ya Abadir yakiwa yamefungwa bandeji, baba alikaa kando ya kitanda akamshika mkono, na Abadir akamuuliza, "Nani aliwaambia tayari?" Baba angeweza kusema ni mkalimani, mkalimani mwenyewe alishajitolea kubeba lawama hiyo, lakini akajibu, "Ni mimi." Abadir akautoa mkono wake, akasema, "Basi usiniguse tena." Mama alikuwepo mlangoni na chungu cha supu, aliyasikia, na anasema baba alisimama akaitikia kwa adabu, ndiyo, kama mtu aliyepewa agizo la kazi.

Agizo hilo alilitii hadi kufa. Wapendwa, watu wengi wameniuliza miaka yote hii kwa nini ndugu wawili wanaokaa nyumba moja, mmoja juu mmoja chini, hawasemezani, wengine wakasema ni urithi, wengine wakasema ni wake zao, mke wa mtu anasingiziwa kila kitu, basi ukweli ni huo niliousoma. Insaf alikataa kuvunja uchumba, kaka zake walipomwambia mchumba wako haoni tena, aliwajibu, "Kwani mimi nilichumbiwa na macho?" wakafunga ndoa Januari 1942, na baba alilipamba kanisa usiku kucha halafu akakaa mstari wa mwisho. Baba mdogo akajifunza nyimbo za kanisa kwa masikio, kama walimu wa nyimbo vipofu wa zamani walivyojifunza, na mwaka 1946 akakabidhiwa matoazi ya kanisa hili, na kuanzia Jumapili hiyo baba akahama mstari wa mwisho, akaja kusimama mbele, pembeni mwa kundi la waimbaji, urefu wa mkono mmoja kutoka kwa ndugu yake.

Komunyo hakupokea. Padri wa zamani alimwambia dhambi yake, kama ilikuwa dhambi, imesamehewa, Baba Padri wetu huyu naye alimwambia hivyo hivyo, naye aliwajibu wote kwamba imeandikwa uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako, na yeye bado hajafika kwenye hilo la kwanza. Mnajua inavyokuwa shemasi anapoimba tusalimiane kwa busu takatifu, kila mtu humgeukia jirani yake, viganja vinapitana kimya kimya, kisha kila mmoja anagusa midomo yake. Hapo baba mdogo alikuwa akiyashusha matoazi, akiyabana kwapani, akigeuza uso upande wa baba, na baba alikuwa akimnyooshea mkono. Hakumgusa, kwa kuwa aliambiwa asiguse, aliusimamisha mkono njiani, karibu kabisa, akingoja mwenzake amalizie. Waimbaji wakipita wanamshika baba mdogo mkono mmoja mmoja, salamu zinakwisha, matoazi yanaanza tena, na baba anaurudisha mkono wake mfukoni. Jumapili zote, Noeli zote, Pasaka zote. Kanisa zima liliuona mkono ule, na kwa heshima hakuna aliyeutaja, na nyumbani jina la baba halikutajwa mbele ya Abadir, wala la Abadir mbele ya baba, isipokuwa na mimi, na nilikuwa nakaripiwa.

Nilimwambia baba siku moja, nikiwa msichana, kwamba amsemeshe basi, na yeye akaniambia, "Mwanangu, anajua nipo, nikikohoa tu anajua ni mimi, kipofu husikia hata nzi akitua. Akitaka, atanyoosha." Akawa anangoja.

Ilipofika mwaka 1967 na vita vingine, mji wetu ukahamishwa, sisi tukapelekwa kijiji karibu na Zagazig, familia mbili tukagawiwa darasa moja la shule, tukatundika blanketi katikati. Miaka yote ya uhamishoni ndugu hawa walilala wakitenganishwa na blanketi la serikali, na siku moja kikohozi cha baba kilipozidi, tulisikia upande wa pili baba mdogo akimwambia mkewe kwa sauti ya kutufikia wote, "Insaf, mwambie huyo wa ng'ambo ya blanketi anywe kitu cha moto, au ahamie darasa la pili, mimi kesho nina ibada." Mama alikasirika. Baba aliketi kitandani akicheka huku machozi yanamtoka, akamwambia mama, "Amenitaja, Galila, amesema ninywe kitu cha moto," akanywa mdalasini kila jioni tangu siku hiyo, na alikuwa haupendi.

Tulirudi Ismailia mwaka 1975, nyumba imetobolewa na mizinga, wakaitengeneza, juu baba, chini baba mdogo, kama zamani. Kazi ya sufuria ilikuwa imekufa, baba akafanya kazi ya kulehemu katika karakana ndogo ya mashua hadi mwaka 1977, na wenzake wa karakana, mliopo hapa, mnakumbuka hakuruhusu mtu yeyote awashe chombo chochote kabla ya yeye kuzunguka na kumwona kila mmoja kwa macho yake, mkamwita mzee mwoga, naye akaupokea utani huo bila kuueleza.

Mwaka huu wa 1979, mwezi Aprili, madaktari waligundua kwamba mapafu yake yameharibika kwa moshi wa miaka mingi, akalazwa mara mbili, na tarehe 5 Novemba tukaruhusiwa kumrudisha nyumbani, jambo ambalo sote tulielewa maana yake. Tarehe 11 alipooza upande mmoja, sauti ikaondoka, ukabaki mkono wa kulia na macho. Akawa anaonyesha sakafu kwa kidole. Mama akamletea maji, Nazmi akamletea viatu, mimi nilijua ni nini kiko chini ya sakafu ile, nikashuka ngazi, nikamwambia baba mdogo, "Anakuita." Akaniuliza, "Amesema?" Nikamjibu kwamba sauti imekwisha. Akasema, "Mtu aliyenyamaza miaka yote hii, leo nitajuaje kwamba ananyamaza kwa sababu nyingine?" Lakini alipanda, akifuata ukuta, akafika mlangoni, akasimama anasikiliza ile pumzi nzito, na baba alikuwa amemwona, ameuinua mkono kutoka kwenye shuka na kuunyoosha, na baba mdogo akasimama pale pale, akangoja, kisha akageuka akashuka. Nilimchukia. Nasema wazi mbele ya jeneza, nilimchukia mzee huyu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Baba alifariki tarehe 14 Novemba 1979, saa nne asubuhi, bila kupokea komunyo, kwa sababu Baba Padri alipomletea aliufunga mdomo.

Historia hii niliiandika jana, na hapo nilikuwa nimeandika maneno makali, nikikusudia kuyasoma mbele yenu ili baba mdogo ayasikie. Asubuhi hii Insaf aliniomba nishuke nimsomee baba mdogo kwanza, kwa kuwa habari za Akhmim walizosimuliwa na babu yeye ndiye aliyebaki anayezijua, nikasema sawa, na ayasikie nyumbani pia. Nikasoma, akanisahihisha mwaka wa babu kuhama, nikaendelea, nikafika kwenye Jumapili zile, kwamba baba alikuwa akimnyooshea mkono na yeye hakuupokea, akanisimamisha.

"Mkono gani?" akauliza.

Nilidhani ananidhihaki, nikamwambia, "Baba mdogo, mkono wa baba yangu, kanisa zima limeuona."

"Kanisa zima," akasema. "Na mimi, Febronia, ningeuona kwa macho gani?"

Insaf aliyekuwa anapanga vikombe vya kahawa akaviacha. Baba mdogo akasema alikuwa anasikia kikohozi kile kila Jumapili, anajiambia, amekuja, leo atanigusa, anashusha matoazi, anageuza uso, anangoja, vijana wote wanamshika mkono, mmoja mmoja, na ndugu yake aliyesimama karibu kuliko wote hamshiki, akaona basi, huyu anakuja kusimama hapa ili watu wamwone, mimi mwenyewe hanitaki. Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyemwambia asimguse, hospitalini, na mama ni shahidi. "Nilisema hivyo?" akauliza. "Macho yalikuwa yananiungua, binti yangu. Mtu anayeungua husema lolote." Halafu akamuuliza mkewe, "Na wewe uliuona?" Insaf akasema, "Sote tuliuona. Tulidhani unajua."

Sijui nimlilie nani kati yao. Nimeyafuta yale maneno yangu makali, na haya niliyowasomea nimeyaandika upya mbele yake kabla hatujatoka nyumbani, naye akasema niyasome yote, bila kumfichia, mbele yake na mbele ya ndugu yake.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia baba tangu Aprili, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemnyoa ndevu bila kuombwa, tunawashukuru majirani wa Araishiya, Waislamu na Wakristo, mliotuletea chakula, viti na kahawa chungu ya msiba kabla hatujajua tunahitaji nini, wenzake wa karakana mliobeba jeneza, ndugu wa Zagazig mliotupokea wakati wa uhamisho na leo mkaja tena, na Baba Padri, aliyemngoja baba kwa subira, na ambaye asubuhi hii, tulipomweleza, alikaa chini kwanza, kisha akaturuhusu jeneza lisipigiliwe misumari mpaka historia hii iishe kusomwa.

Baba mdogo, simama sasa, Nazmi atakushika kiwiko. Jeneza liko mbele yako, upande wako wa kulia, kifuniko kimeondolewa. Mkono wake tumeutoa nje ya shuka, umenyooshwa, uko karibu kabisa, usiogope, shuka kidogo, hapo. Ni wa baridi, lakini ni wake.

Pumzika sasa, baba, kwa amani uliyoingoja.